Kuchagua fimbo, rili na chambo bandia kwa ajili ya mbasa wa Ziwa Nyasa

Ukiingia mtandaoni kutafuta maelezo ya fimbo na rili za kuvulia (rili ni kile kifaa cha kukunjia uzi), karibu yote utakayoyakuta yameandikwa kwa ajili ya besi, yule samaki wa Marekani mwenye domo pana anayejificha kwenye majani na visiki akivizia. Afrika Mashariki tunaye pia, kwani alipandikizwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1929. Huku Nyanda za Juu Kusini ukimtaka itabidi uulizie mabwawa ya watu binafsi, na mengi ya Mufindi yamo ndani ya mashamba ya chai, ambako huingii na fimbo bila mwenyewe kukuruhusu.

Sisi tunaye mbasa. Mtu wa Kyela hana haja ya kuelezwa. Kwa wa Iringa na Njombe: ni samaki mwembamba wa Ziwa Nyasa, mweupe wa kung'aa, mwenye magamba madogo, anayekaribia nusu mita akikomaa, na chakula chake kikubwa ni usipa, dagaa wa ziwa hilo. Anakimbiza, havizii. Vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya besi vinamfaa vizuri, ila kuna vya kubadilisha na vingi vya kuviacha hukohuko dukani.

Watu wengi huanza kwa kununua fimbo, kisha wanatafuta rili ya kuitosha, mwisho wanaokoteza chambo chochote. Mimi nasema geuza. Anza na chambo, maana uzito wake ndio unaoamua fimbo, fimbo inaamua rili, na vyote viwili vinaamua uzi.

Hatua ya 1: Amua uzito wa chambo

Mbasa anakula usipa, na usipa wengi unaowaona wameanikwa pale Matema, ufuko wa Kyela, wana urefu wa sentimita 7 hadi 10. Chambo chako kiwe cha urefu huo, chembamba, cheupe cha fedha. Kuhusu uzito, fikiria unasimama ufukweni, upepo unakupiga usoni, na samaki yuko mbali kuliko unavyotamani. Chini ya gramu 7 hakifiki popote. Zaidi ya gramu 25 kinazama kama jiwe na kukuchosha bega. Kaa kati ya gramu 10 na 20.

Ukilivua Ziwa Nyasa kati ya Mei na Agosti, upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu, elekea kwenye 20. Miezi iliyotulia, 10 inatosha na samaki haishtukii sana.

Hatua ya 2: Soma maandishi ya fimbo

Juu kidogo ya mshiko, kila fimbo ya maana ina maandishi madogo. Usiache muuzaji akusomee. Utakuta urefu kwa futi, herufi za ugumu wa fimbo, uzito wa chambo kwa wakia (oz) na nguvu ya uzi kwa pauni (lb). Mfano: 7'0", M, 1/4–3/4 oz, 8–14 lb. Wakia moja ni gramu 28 na kidogo, kwa hiyo 1/4 ni gramu 7 na 3/4 ni gramu 21. Hiyo ndiyo fimbo yetu.

Herufi zinaanzia UL, nyepesi kabisa, zinapanda L, ML, M, MH hadi H. Kwa mbasa chukua ML au M. Wauzaji hupenda kukusukumia H kwa kisingizio kwamba ni imara. Ni imara kweli, ila kwa chambo cha gramu 12 haipindi, na fimbo isiyopinda hairushi. Wavuvi wa besi wanaitumia H kung'oa samaki mzito kwenye majani mazito. Sisi tunavua maji meupe ya wazi, hakuna cha kung'oa.

Kuna neno lingine linaloeleza fimbo inapindia wapi: Fast ni ile inayopinda kwenye ncha tu, Moderate inapinda hadi katikati. Kwa mvuvi wa besi anayechoma ndoano moja nene kwenye mdomo mgumu, Fast ndiyo yenyewe. Kwa mbasa napendelea Moderate, au ile ya katikati yao. Mbasa mdomo wake si mgumu sana na anavuta kwa kushtukiza. Fimbo inayopinda hadi katikati inameza ule mshtuko, na ndoano haichani.

Urefu: futi 7 hadi 8. Iwe ya vipande viwili au zaidi, na hapa sina mjadala. Coaster ya kwenda Kyela haina nafasi ya fimbo ya kipande kimoja. Konda ataiweka anapoona panafaa, na panapofaa ni chini ya magunia ya mchele. Nunua bomba la PVC la fundi bomba, likate kwa urefu wa kipande kirefu zaidi, funika pande zote mbili, umemaliza. Bomba hilo litavumilia hata bodaboda ya kutoka Ipinda hadi Matema.

Kabla ya kulipa, kagua pete zote ambamo uzi hupita. Chukua kipande cha pamba, kipitishe taratibu ndani ya kila pete ukikizungusha. Penye ufa, hata ule usioonekana kwa macho, nyuzi za pamba zitanasa. Pete ya namna hiyo itakukata uzi bila wewe kujua sababu. Kisha shika ncha kwa vidole viwili, mwenzio ashike mshiko, ipindeni kidogo: pete zote zifuate mstari mmoja. Kama moja imekaa upande, rudisha. Ukaguzi huu ni wa dakika tano, na muuzaji mwenye fimbo nzuri hatakasirika.

Maandishi kama "kaboni asilimia 99" yasikutetemeshe. Kaboni ni nyepesi na inakupa habari mapema samaki anapogusa. Faibaglasi ni nzito kidogo lakini haivunjiki ovyo ikigonga ukingo wa mtumbwi. Kwa anayeanza, mchanganyiko wa vyote viwili ni chaguo la busara na bei yake haiumizi.

Hatua ya 3: Rili

Kuna rili za aina mbili utakazokutana nazo. Ya kwanza inaning'inia chini ya fimbo, bobini yake, yaani kibiringo kinachobeba uzi, imetulia na uzi unajizungusha kupitia kiwaya kinachofunguka na kufunga. Ya pili inakaa juu ya fimbo na bobini yake ndiyo inayozunguka unaporusha. Hii ya pili ndiyo utakayoiona kwenye video nyingi za besi, na inavutia sana machoni. Iache. Inahitaji kidole gumba kilichofundishwa kuizuia, chambo kiwe kizito, na upepo uwe mgongoni. Ukirusha chambo chepesi dhidi ya upepo wa Nyasa, bobini inakimbia kuliko chambo, na jioni yako inaishia kufumua uzi uliojisokota.

Chukua ya kuning'inia, namba 2500 au 3000. Namba hiyo ni ukubwa wa bobini. Hailingani sawasawa kati ya kampuni na kampuni, ila haipishani kwa mbali. Angalia pia uwiano wa gia. Ukiona 5.1:1, maana yake ukizungusha mkono mara moja, kile kizungushi cha uzi kinazunguka mara tano na kidogo. Mbasa anataka chambo kinachokimbia, kwa hiyo tafuta 6:1 hivi. Rili ya 2500 yenye uwiano huo inavuta takriban sentimita 80 hadi 90 kwa mzunguko mmoja.

Idadi ya mipira ya beringi iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kuuzia tu. Rili yenye beringi 5 nzuri ni bora kuliko yenye 13 za hovyo. Jaribu hivi: zungusha polepole huku umeiweka sikioni, sikiliza kama inakwaruza. Shika mkono wake utikise. Ukicheza sana, gia zitalegea mapema. Kisha kaza nusu breki, ile inayoamua uzi utoke kwa ugumu gani samaki akivuta, uvute uzi kwa mkono. Utoke kwa mteremko mmoja laini. Ukitoka kwa kukwama na kuachia, kukwama na kuachia, hiyo rili itakukatia samaki siku ya kwanza.

Kama hela ni ya mawazo, punguza kwenye fimbo, usipunguze kwenye rili. Fimbo ya bei ya chini inafanya kazi. Rili ya bei ya chini inakufa na mchanga.

Hatua ya 4: Uzi

Kuna tatu: nailoni, fluorokaboni na uzi wa kusuka.

Nailoni inapatikana kila duka la nyavu, bei poa, na inanyumbuka. Anayeanza aweke nailoni ya milimita 0.25 hadi 0.28 tu, akavue, asijisumbue na mengine. Ubaya wake, chambo kikiwa mbali ule mnyumbuko unameza mguso wa samaki na hata nguvu yako ya kumnasa.

Uzi wa kusuka haunyumbuki kabisa na ni mwembamba mno kwa nguvu yake, hivyo chambo kinaruka mbali zaidi. Chukua wa lb 15 hadi 20, yaani kilo 7 hadi 9. Lakini usiufunge moja kwa moja kwenye bobini ya chuma, utateleza wote na kuzunguka bila kushika. Tanguliza mizunguko michache ya nailoni. Jaza bobini hadi zibaki milimita 2 au 3 kufika ukingoni: ukijaza mno unamwagika wenyewe, ukipunguza mno chambo hakifiki.

Ziwa Nyasa lina maji meupe sana mbali na midomo ya mito, na uzi wa kusuka unaonekana. Kwa hiyo mbele yake funga mita moja na nusu hadi mbili za fluorokaboni ya lb 10 hadi 12. Hiyo hupinda mwanga karibu sawa na maji, samaki haioni kirahisi, na inahimili kusuguliwa na mawe.

Kuunga nyuzi mbili tumia fundo la uni pande zote mbili: mizunguko minane kwa uzi wa kusuka, minne au mitano kwa fluorokaboni, lowesha kwa mate, kaza taratibu. Kufunga chambo, fundo la palomari halina mpinzani kwa urahisi. Kunja uzi mara mbili, pitisha lile kunjo kwenye tundu, piga fundo la kawaida bila kukaza, ingiza chambo chote ndani ya kunjo, lowesha, vuta. Mate si ushirikina. Fundo likikazwa kavu linapata joto na fluorokaboni inadhoofika palepale.

Hatua ya 5: Chambo

Boksi la besi la kununua mtandaoni lina vitu vingi. Minyoo ya mpira laini, vyura vya mpira, vitu vya kuburuta kwenye majani. Vyote vimetengenezwa kwa samaki anayekaa mahali pamoja akisubiri. Kwa mbasa unahitaji aina tatu tu.

Kijiko. Kibati kilichopindwa, gramu 10 hadi 20, rangi ya fedha. Kinaruka mbali, kinazama upesi, na kinayumba kikivutwa. Ningebaki na chambo kimoja tu maishani, ningebaki na hiki.

Kisamaki cha plastiki chenye ulimi unaopitisha mwanga chini ya kidevu. Ulimi mfupi unakifanya kiogelee karibu na juu, mrefu unakizamisha. Nunua sentimita 7 na 9, mgongo wa bluu au kijani, tumbo la fedha. Maji yakichafuka kwa mvua za Machi hadi Mei na mito ikileta tope, badili hadi rangi inayoonekana, njano au chungwa.

Spina, yaani chenye jani la bati linalozunguka waya. Kizuri asubuhi mapema, maji yakiwa yametulia. Kikwazo chake ni kwamba kinasokota uzi. Weka kipete kinachozunguka kati ya chambo na uzi.

Nani alisema lazima ununue? Lauri Rapala wa Ufini mwaka 1936 alichonga chambo chake cha kwanza kwa gamba la mti wa koki, akakifunika karatasi ya fedha ya chokoleti na kuyeyushia filamu za picha juu yake kama vanishi, na kampuni ikazaliwa hapo. Kijiko ni rahisi zaidi. Chukua kijiko cha chai cha chuma kisichoshika kutu, fundi wa kuchomea akukatie mpini, aulainishe ukingo, atoboe tundu kila upande. Weka vipete kama vya funguo, ndoano upande mpana, uzi upande mwembamba. Kipime kwenye mizani ndogo ya dhahabu. Mtu mwenye jamaa Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, hakosi pa kuipata. Kikiwa chepesi, yeyusha lehemu kidogo upande wa ndani. Fanya hivyo nje, penye hewa, na unawe mikono, kwa kuwa lehemu nyingi zina risasi.

Nikiwa narusha kimoja cha namna hiyo pale Matema, mzee mmoja alikuwa kwenye mtumbwi anakung'uta wavu. Akaniangalia weee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, hicho kibati kinamdanganya nani?"

"Mbasa, mzee."

"Basi kivute upesi. Mbasa hali kinachomngoja."

Ukisoma vitabu vya besi utaambiwa vuta, simamisha, subiri. Mfuate mzee. Rusha, hesabu hadi tano kijiko kizame, vuta haraka bila kusita. Hakuna kitu? Hesabu hadi kumi, kisha kumi na tano. Ukipata mguso kwenye hesabu fulani, baki hapohapo, ndicho kina wanachopita.

Hatua ya 6: Badili ndoano

Chambo vingi vinakuja na ndoano za meno matatu. Ziondoe, weka ndoano moja moja ya namba 1 au 1/0, kisha bana kwa koleo kijino chake, kile cha nyuma ya ncha kinachozuia ndoano isichomoke. Sababu ya kwanza ni mkono wako: ndoano ya meno matatu ikiingia kidoleni, na zahanati iko mbali, utanielewa. Ya pili ni samaki. Mbasa hupanda mitoni kutaga wakati wa mvua, na huko wavu unawangoja kila mahali. Wamepungua, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imemweka kwenye orodha ya samaki walio hatarini. Ukimnasa mwenye tumbo la mayai karibu na mdomo wa mto, ndoano isiyo na kijino inamwachia akiwa mzima.

Baada ya kila saa kadhaa jaribu ncha kwenye ukucha wa gumba. Ikiteleza, inole kwa tupa ndogo. Ikikwama, endelea.

Hatua ya 7: Pima breki kabla ya kurusha

Breki ipangwe kwa sehemu dhaifu zaidi ya uzi wako, ambayo hapa ni fluorokaboni ya lb 10, yaani kilo 4.5. Iachie kwenye robo hadi theluthi ya hapo: kilo 1.1 hadi 1.5. Funga uzi kwenye ile mizani ya kuning'iniza ya wauza nyama, mwenzio aishike, wewe vuta kwa fimbo iliyopinda hadi breki ilie. Soma namba. Mara nyingi utakuta uliikaza maradufu.

Ukifika ziwani

Pitia kwanza kwa afisa uvuvi wa halmashauri au uongozi wa BMU ya ufuko, yaani kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi, uulize leseni na maeneo yaliyofungwa. Ni heshima pia: wale watu wanaishi kwa ziwa lile, na wewe umekuja na fimbo.

Asubuhi kabla jua halijapanda Milima ya Livingstone na jioni ndizo saa zenyewe. Fuata mahali maji ya mto yanapokutana na maji ya ziwa, kwenye ule mstari wa rangi mbili. Rusha kwenye upande mweupe, kando ya tope. Midomo ya Lufilyo, Mbaka, Kiwira na Songwe yote iko Kyela. Ila mito hiyo ina mamba. Usisimame ndani ya maji hata ya magotini, na usioshe samaki ukingoni ukiwa umeinama. Mwenye mtumbwi akikubali kukupeleka, lipeni bei kabla ya kusukuma, mwachie yeye aamue lini mrudi. Kuelekea Ikombe mwamba unashuka ghafla majini. Huko unaweza kufikia kina kirefu ukiwa umesimama nchi kavu, lakini vijiko vinanasa kwenye mawe, beba vya ziada.

Kama unaenda Mtera

Bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, ni maji mengine kabisa. Perege hajali sana bati. Kambale na kitoga wanapenda chambo halisi chini kabisa, hivyo fimbo iwe M au MH na uzi wa lb 20, na usiku ni bora kuliko mchana. Viboko ni wengi, mtumbwi usipite njia zao jioni. Ukisogea kwenye mifumo ya Ruaha Mkuu na Rufiji kuna wale wenye mistari na meno yaliyotokeza nje, ambao wavuvi wa michezo huwaita taiga. Ndani ya hifadhi usirushe bila kibali. Nje yake, fluorokaboni peke yake itakatwa mara moja: weka sentimita 20 za waya wa chuma mbele ya chambo, na ndoano nene ambayo haitanyooka akiigeuza mdomoni.